Mjane wa Mihayo

Paskazia alikuwa ameanika muhogo juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba, na alikuwa akiwafukuza kuku kwa kijiti, Mchungaji Halvasen alipopanda kilima cha Ilemela kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mwezi wa saba, mwaka wa hamsini na tisa. Mchungaji alikuwa mtu mrefu, mwekundu shingoni, na alivua kofia kabla hajafika uani. Nyuma yake alikuja Mwalimu Ishengoma, Mhaya wa Kamachumu, aliyekuwa akimtafsiria.

Mchungaji alisimama akatazama. Aliona mwanamke aliyenyolewa kichwa, amejifunga kaniki, mtoto mchanga mgongoni. Aliona binti wa miaka kumi akichungulia mlangoni, na nyumba ya nyasi iliyoegemea upande mmoja. Ua ulikuwa haujafagiwa muda mrefu. Maganda ya muhogo na manyoya ya kuku yalikuwa yamelala yalipoangukia. Majivu yalikuwa yamejaa mekoni hadi yanamwagika.

Aliyekufa ni Mzee Chenge, baba mkwe wa Paskazia. Kwa desturi ya nyumba ile, matanga yakiwa hayajaanuliwa, ua haufagiwi na majivu hayazolewi, kwa kuwa vumbi la ua na majivu ya jiko ndivyo vinavyoshikilia kilio mahali pake. Siku ufagio unapopita uani, kilio kimekwisha na marehemu ameshika njia. Matanga ya Mzee Chenge yalikuwa hayajaanuliwa kwa sababu Mihayo, mume wa Paskazia na mwana pekee wa marehemu, alikuwa Ukerewe akipakia marobota ya pamba kwenye matishari. Alimzika baba yake asubuhi, na mchana nyapara akamwambia tishari halisubiri matanga ya mtu. Watu walisema si vizuri. Mihayo mwenyewe alisema si vizuri, akapanda tishari.

Mchungaji Halvasen hakuuliza amekufa nani. Kwao adabu ni kutouliza; mfiwa huinamiwa kichwa, akaachwa na huzuni yake. Kwa kina Paskazia adabu ni kuuliza kila kitu: aliugua nini, alisema nini mwishoni, nani alimfumba macho. Paskazia alingoja aulizwe. Alipoona mgeni ameinama tu na kofia kifuani, akadhani ameshapata habari njiani.

Mchungaji akaomba ruhusa ya kumpiga picha pamoja na watoto. Paskazia akasimama wima mbele ya nyumba, kama mtu anayepimwa nguo.

Wiki iliyofuata alirudi na mkewe, na iliyofuata tena. Walikuja kila Jumatano. Bibi Halvasen alijifunza kusonga ugali. Ukatoka na madonge, ukaliwa. Mchungaji alimbeba Mayala, yule mchanga, mabegani, akatembea naye hadi ufukweni na kurudi, akiimba nyimbo za kwao. Walileta sabuni, mafuta ya taa, dawa ya homa. Hawakukunja pua, hawakupangusa kiti kabla ya kukaa. Bernadeta, yule binti, akachukuliwa shule ya misheni, akapewa gauni la buluu. Paskazia alikuwa amebatizwa na Wakatoliki huko kwao Bukoba, jambo ambalo Mchungaji hakuliuliza pia. Ulikuwa urafiki wa kweli. Hakuna aliyewahi kusema vinginevyo.

Mwezi wa tisa wakaja mafundi na mabati. Nyumba ikanyooshwa, ikaezekwa.

"Shoga," alisema Moza, jirani yake, mzaliwa wa Mirongo, aliyekuwa akiuza vitumbua kwenye gati la pamba, "Wazungu hawa wanakupendea nini?"

"Sijui. Hawajasema."

"Mtu hatoki Ulaya aje kula ugali wako wenye mchanga. Iko siku watasema."

Walisema siku ambayo Mihayo alirudi.

Ilikuwa Jumatano, mvua za vuli zimeanza. Mihayo alipanda kilima na mzigo wake kichwani, akaona bati, akasimama kidogo kulitazama, kisha akaingia ndani. Akawakuta Mchungaji, Bibi Halvasen na Mwalimu Ishengoma wakinywa chai na mkewe.

"Mchungaji," alisema Paskazia, "huyu ndiye Baba Bernadeta."

Mwalimu Ishengoma alitafsiri. Mchungaji alishusha kikombe taratibu, akakiweka mbali na ukingo wa meza. Alisimama akampa Mihayo mkono. Mkono wa Mihayo ulikuwa na baridi, na Mchungaji aliushika kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, kama anayetaka kuupasha moto.

Bibi Halvasen ndiye aliyesema. Alisema waziwazi, kwa Kiswahili chake kipya, bila kuficha kitu.

"Sisi tuliwaambia watu wetu umekufa. Kanisa letu lote kule ng'ambo. Kila Jumatano, saa kama hii, wanasimama wanamshukuru Mungu kwa kukupumzisha. Halafu wanamwombea mjane wako."

"Wote?" aliuliza Mihayo.

"Wote. Hata watoto. Wanajua kulitaja jina lako vizuri sana."

Jina lake walilipata kwa Bernadeta. Alipoandikishwa shule aliulizwa jina la baba, akajibu.

Mihayo alifikiri. "Basi waambieni niko hai."

"Tutawaambia," alisema Mchungaji.

Mihayo akaridhika, akaomba chai. Aliinywa akasema haina sukari. Paskazia akaongeza sukari. Akanywa tena, akasema labda ni ulimi wake, amechoka.

Jumatano iliyofuata, kwenye gati la pamba, wapakiaji wenzake waliona kwamba ubao wa kupandia tishari haupindi kwa uzito wake anapoukanyaga. Alikuwa na robota mgongoni, na ubao ulipinda kwa uzito wa robota tu. Walimwambia apunguze maringo. Jumatano ya baadaye aliacha kutoka jasho. Baada ya hapo aliingia ziwani kuoga akatoka mkavu, na dagaa waliendelea kupita pale aliposimama bila kukata kona. Mbu walimwacha, jambo lililomfurahisha, kwa maana Ilemela ina mbu wengi.

Kisha asubuhi moja nyapara aliita majina.

"Mihayo Chenge!"

"Naam."

Nyapara akatazama huku na huku. "Mihayo Chenge!"

"Nipo hapa."

"Yupo, nyapara," walisema wenzake. "Si huyo mbele yako?"

"Namwona," alisema nyapara. "Lakini nina hakika nilishasikia habari zake." Akapiga mstari. "Poleni na msiba."

Tangu siku hiyo Mihayo alibeba marobota kama kawaida, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asibebe, ila jina lake halikuitwa tena wala hakupata ujira. Nyumbani fedha zilipungua. Hakuwa akila tena, na hilo lilisaidia kidogo.

Watu wa kilima nao walianza kuleta rambirambi. Moza alileta vitumbua kwenye sahani iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Najua yuko hapo ameketi," alisema. "Shemeji, habari za kazi? Basi nilikuwa nakaanga, nikaona mkono unajaza sahani wenyewe. Nisamehe, shoga."

Paskazia akapokea sahani. Kitumbua cha msiba hakirudishwi.

Kutoka Magu alikuja binamu wa Mihayo, mtu mpole mwenye baiskeli, kuulizia ni lini atamrithi mjane. Alimsalimia Mihayo vizuri, wakaongea habari za ng'ombe. Alisema yeye hana haraka, ukoo ndio unaomsukuma.

"Niko hai," Mihayo alimwambia.

"Ndiyo, kaka," alisema binamu. "Nami nimewaambia hivyo hivyo. Wamesema basi tungoje matanga yaanuliwe, hapo itajulikana."

Hapo ndipo Paskazia alipoanza kukosa usingizi. Matanga yalikuwa bado. Walimngoja Mihayo arudi ili waanue matanga ya Mzee Chenge, na sasa alikuwa amerudi. Lakini kila alipoushika ufagio mkono wake ulikufa ganzi, akaurudisha ukutani. Hakujua kilio kilicholala pale uani ni cha nani.

Aliyemjulisha ni Mzee Chenge mwenyewe. Alifika alasiri moja, udongo ukiwa bado mabegani, akapiga hodi. Paskazia alikuwa akichambua mchicha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Una kitu cha kula?"

Akampa ugali na furu, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaushwa. Mzee akala yote, akaramba vidole, akaomba maji. Alikuwa na uzito. Kigoda kililia alipokikalia. Mbu wakamjia mara moja, akawa anawapiga na kuwalaani mmoja mmoja.

"Nilifika kule," alisema. "Nikaulizwa, umeliliwa na nani? Nikasema na nyumba yangu, mkwe wangu amenyoa kichwa, amevaa kaniki. Wakaenda kutazama. Wakarudi wakasema, kilio cha nyumba hiyo kimepokelewa tayari, na ni cha mwanao. Kumbe kuna watu wengi mahali fulani wanakisindikiza kwa jina lake kila wiki, tena kwa bidii. Mimi sina changu. Nikaambiwa nirudi nyumbani nikangoje."

Mihayo alikuwa amesimama mlangoni. "Shikamoo, baba."

Mzee alimtazama kwa muda. "Marahaba. Umekwisha, mwanangu. Naona ukuta nyuma yako."

"Tufanye nini?" aliuliza Paskazia.

"Aliyetangaza kifo ndiye akitangue. Asimame uani hapa, mbele ya watu, amwite kwa jina, aseme nilikosea, huyu yu hai. Lakini iwe kabla ya ufagio kupita. Ukipita, kila mtu atabaki alipo." Akasogeza sahani. "Mimi nitarudi makaburini bila kinyongo, nilikuwa nimeshazoea. Kuna furu mwingine?"

Paskazia alikwenda misheni siku ile ile, kaniki yake ikiwa na unga. Alimkuta Mchungaji juani, anapima kwa kamba mahali patakapojengwa zahanati. Mwalimu Ishengoma alikuwa ameshika ncha nyingine ya kamba.

"Mchungaji, uliahidi utawaambia."

"Mama Bernadeta. Karibu. Ni kweli niliahidi."

"Umewaambia?"

Mchungaji alimpa ishara Mwalimu Ishengoma aiachie kamba. Wakati huo alikuwa tayari anasema Kiswahili kizuri, cha shule, na hakuhitaji tena kutafsiriwa kwa mambo ya kawaida.

"Kule kwetu kuna wanawake wazee," alisema. "Wanaoka mikate wanauza, wanafuma soksi wanauza. Wamefanya hivyo kwa ajili ya mjane mmoja na yatima wawili. Bati lako limetoka huko. Ada ya Bernadeta imetoka huko. Saruji hii pia. Nikiwaambia mjane hayupo, watauliza zahanati ipo? Shule ipo? Watauliza kama mimi mwenyewe nipo."

"Mimi sikuomba bati."

"Hukuomba," alisema Mchungaji kwa upole. "Ndiyo maana walilitoa."

"Mume wangu anakwisha. Jana nilimpa mtoto ambebe, mtoto akaanguka."

Mchungaji alishtuka kusikia habari ya mtoto. "Ameumia?"

"Uvimbe tu." Akamweleza habari ya ua, ya ufagio, na ya kutangua. Alieleza polepole, kisha akamgeukia Mwalimu Ishengoma, akamwomba alirudie lote kwa lugha ya Mchungaji ili pasiwe na kisingizio. Mwalimu Ishengoma akalirudia lote, hakuacha neno.

Mchungaji alikaa juu ya mfuko wa saruji. Hakusema ni ushirikina. Alikuwa amekula nyumbani kwao, na alikuwa amemwona Mihayo.

"Wageni wanakuja mwezi wa pili," alisema mwishoni. "Watu watatu wa kanisa letu. Wanataka kumwona mjane na kaburi. Nitawaleta kwako, nitasimama uani, nitasema mbele yao na mbele ya majirani. Uso kwa uso ni bora. Mpaka hapo, mama, mnaweza kuvumilia?"

"Atafika mpaka hapo?"

"Nitamwombea," alisema Mchungaji, na Mwalimu Ishengoma akatazama chini.

Mihayo alifika, kwa shida. Kufikia mwezi wa pili ulikuwa ukimtazama unamwona, lakini ukigeuza shingo unasahau kwamba ulimwona. Paskazia alijizoesha kutogeuza shingo. Alipika akimtazama, akanyonyesha akimtazama, na alipokwenda ziwani kuchota maji alimwagiza Bernadeta amtazame hadi atakaporudi. Mzee Chenge alikaa kigodani, akanenepa. Alikuwa amekufa kabla hajachukua kadi ya chama, na sasa alizungumza kila siku habari za kwenda kuichukua.

Wageni walikuja Jumatano, jua kali. Walikuwa mzee mmoja wa kanisa mwenye fimbo, mwanamume kijana mwenye kamera, na bibi mmoja mfupi, mnene, mwenye miwani, aliyeitwa Bibi Sigrid. Huyo ndiye aliyeuza mikate mingi kuliko wote. Alipomwona Paskazia alimkumbatia akalia, na machozi yake yalikuwa ya moto. Walikuwa wamebeba msalaba wa mbao nyeupe walioutoa kwao, wenye jina la Mihayo katika rangi nyeusi, herufi nzuri, bila kosa.

Majirani walijaa. Moza alifunga biashara. Binamu wa Magu aliegemeza baiskeli yake kwenye jabali. Mihayo alivaa shati jeupe, akasimama katikati ya ua, mikono ubavuni, akingoja kuitwa. Paskazia alisimama kando yake, macho kwake. Ufagio ulikuwa ukutani mahali pake.

Mchungaji Halvasen alisimama mbele ya mlango. Alivua kofia. Alikuwa amepauka kuliko siku zote.

"Ndugu zangu," alisema kwa Kiswahili, "kuna jambo nataka kulisema mbele yenu na mbele ya wageni hawa."

Kisha akanyamaza, kutafuta neno la kuanzia.

Bibi Sigrid hakujua Kiswahili. Aliona Mchungaji amenyamaza, akadhani ni dua. Aliinamisha kichwa, na alipokiinamisha aliona ua: manyoya, maganda, majivu yaliyotapakaa, uchafu wa miezi na miezi. Aliona mwanamke mwenye mtoto mgongoni asiye na mtu wa kumsaidia. Alikuwa mtu wa vitendo. Alivua miwani, akaiweka mfukoni, akaenda ukutani, akachukua ufagio.

"Mchungaji," alisema Paskazia. "Mzuie."

Mchungaji aliona. Kila mtu aliona. Bibi Sigrid alianzia kona ya mashariki, ameinama vizuri, mkono mmoja mgongoni, kama mtu aliyezaliwa Ilemela.

"Mchungaji. Mwambie aache."

Mwalimu Ishengoma alimgeukia Mchungaji, mdomo nusu wazi. Alikuwa mkalimani mwaminifu. Kwa miaka yote hakuwahi kusema mbele za watu neno ambalo halikusemwa kwanza na mwingine. Alingoja apewe sentensi. Hakupewa.

Paskazia alimwacha Mihayo, akakimbia, akaushika ufagio. Bibi Sigrid naye hakuuachia. Walisimama hivyo, wanawake wawili na ufagio mmoja, wakivutana kidogo kidogo. Bibi Sigrid alitabasamu huku machozi yakimtoka. Alisema kitu kwa lugha yake.

"Anasema nini?" aliuliza Paskazia.

Hilo Mwalimu Ishengoma aliweza kulitafsiri. "Anasema, umefanya kazi peke yako muda mrefu, dada yangu. Leo niache mimi."

"Mchungaji," alisema Paskazia mara ya mwisho, bila kupaza sauti.

Mchungaji Halvasen aliutazama ufagio. Alimtazama mzee wa kanisa aliyekuwa akiitikia kwa kichwa, ameguswa, na kijana aliyekuwa ameshainua kamera. Alimtazama Mihayo, na Mihayo alimtazama yeye.

"Mwache, mama," alisema. "Anafanya kwa upendo."

Paskazia hakuachia. Bibi Sigrid ndiye aliyekuwa na mikono yenye nguvu zaidi, mikono ya kukanda unga. Ufagio ukamtoka Paskazia, ukabaki mwiba mmoja kiganjani mwake.

Bibi Sigrid alifagia ua wote. Alizoa na majivu. Alipofika katikati, pale Mihayo alipokuwa amesimama na shati lake jeupe, Mihayo alisogea ampishe.

Mzee Chenge alihema kigodani. "Basi," alisema. "Mtu alete maji, kuna vumbi."

Wakaenda wote nyuma ya jabali kwenye kaburi. Msalaba ukasimikwa kichwani mwa kaburi la Mzee Chenge, ambaye alikwenda pia, akaugonga kwa kidole, akasema mbao ni nzuri. Bibi Sigrid aliweka maua. Waliimba. Mihayo aliusoma msalaba, kwa sababu alikuwa amesoma hadi darasa la pili, akaona jina limeandikwa sawasawa.

Baadaye, wageni wakiwa wanakunywa maji, Mchungaji alimfuata Paskazia mekoni.

"Bado nitawaambia," alisema. "Nikipata nafasi."

"Umeshawaambia, Mchungaji," alisema Paskazia. Alikuwa akitoa mwiba kwa meno.

Binamu wa Magu hakumrithi. Alisema mwenye nyumba yupo bado, ingawa amekufa, na yeye hakuja duniani kugombana na mtu. Alipanda baiskeli akaenda. Kaniki ilivuliwa, nywele za Paskazia zikaota. Mzee Chenge alikwenda hadi Buzuruga kuchukua kadi, na karani wa chama alipomwuliza umri, alijibu aandikiwe wa siku aliyokufa. Karani akaandika.

Shuleni kwa Bernadeta, wageni wengine wanapokuja, yatima huombwa kusimama. Mara ya kwanza Bernadeta alibaki ameketi. Mwalimu wa darasa alimtazama tu, hakumkemea, na binti alilifikiria gauni la buluu, na madaftari, na mdogo wake atakayefuata. Mara ya pili alisimama. Baba yake alikuwa amemsindikiza asubuhi ile hadi langoni, kama kila asubuhi, na alikuwa bado amesimama pale nje, upande wa dirisha.

Zahanati ilimalizika. Mihayo ndiye aliyebeba mifuko mingi ya saruji kuliko wengine, kwa kuwa hakuwa akichoka. Mchana wa ufunguzi Mchungaji alimshukuru Mungu, akawashukuru akina mama wa ng'ambo, akawashukuru mafundi.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa sitini na moja bendera mpya ilipandishwa. Ilemela walichinja, walicheza, na Mzee Chenge alicheza hadi akaumia kiuno. Jumatano baada ya sherehe Mchungaji Halvasen alipanda kilima na mkewe kama kawaida, na mkate wa Bibi Sigrid kwenye mkebe, uliosafiri kwa meli. Hawakuwa wameacha kuja hata wiki moja. Mayala alimkimbilia Mchungaji, akarukia shingoni.

Ndani, Mihayo aliinuka akampisha kiti. Mchungaji alikuwa mmoja wa wachache walioendelea kumwona bila kujilazimisha.

"Habari za kazi, Mihayo?"

"Njema, Mchungaji. Pamba ni nyingi mwaka huu."

"Na afya?"

"Hakuna mabadiliko."

Paskazia alimimina chai, vikombe vya waliokuwa wakinywa. Hakumtazama Mchungaji usoni, wala hakumnyima sukari. Walizungumza habari za mvua, za mwalimu mpya wa hesabu, za Waafrika watakaokuwa mabwana wakubwa mjini. Mkate ukakatwa. Kisha saa ikafika, saa ile ambayo kule ng'ambo walikuwa wakisimama, na Mchungaji akaweka kikombe chini, akafumba macho, akainama. Wote wakainama.

Alimwombea mjane wa nyumba hii, kwa jina. Aliwaombea yatima wake, kila mmoja kwa jina lake. Aliomba kwa Kiswahili kizuri, taratibu, na sauti yake ilitetemeka mahali pale pale inapotetemeka kila Jumatano. Alipomaliza, Paskazia hakuitikia, na Bernadeta alimtazama mama yake, naye hakuitikia.

Mihayo alikuwa ameinamisha kichwa kama wengine. Alilelewa vizuri, na hakupenda dua ya mgeni ibaki hewani.

"Amina," alisema.